Siku ya mwisho kutoka pwani: usilale Uvinza ukamalizia kwa mkupuo

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja, mzaliwa wa Ujiji anayefundisha Tanga, na aliliandika akiwa amepumzika Tabora. Ameendesha baiskeli tangu Tanga, akashuka na mwambao kupita Pangani hadi Bagamoyo, kisha akageukia bara kurudi kwao. Kwa kifupi anasema: “Shikamoo fundi. Nimebakiza Tabora hadi Ujiji. Nyumbani wamejipanga kunipokea Jumamosi ya wiki ijayo saa 10 jioni, wadogo zangu wamekodi mpaka spika. Nimepanga Ijumaa nilale Uvinza, Jumamosi nimalizie kwa mkupuo. Ila goti la kulia linauma kwa mbele, na breki ya nyuma haishiki vizuri ingawa raba ni mpya. Mkupuo huo unawezekana? Na goti na breki nizifanyeje?”

Marahaba mwalimu, na pole na barabara.

Kuwezekana, unawezekana. Huku kwetu Kigoma watu wanapanda vilima na madumu ya mawese kwenye karia, baiskeli yenyewe ni ile nzito isiyo na gia hata moja, na wanafika. Lakini mimi siku ya mwisho nisingeifanya hivyo, na wewe nakuomba usiifanye. Ondoka Tabora siku moja kabla ya ulivyopanga. Uvinza lala Alhamisi. Ijumaa endesha nusu siku tu hadi Kazuramimba, ulale hapo, na Jumamosi uingie Ujiji kabla ya chakula cha mchana. Hiyo spika iwashwe saa 5 asubuhi, isingoje saa 10 jioni. Najua kumbadilishia mama ratiba ya shughuli ni kazi kuliko kupanda mlima, ila mpigie leo.

Sasa nikueleze kwa nini, maana mwalimu hapewi jibu bila kuonyeshwa njia.

Tuanze na hesabu. Kutoka Uvinza hadi mjini Kigoma ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Ukiwa na mzigo nyuma na miguu iliyochoka, mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni mwendo mzuri, usijidanganye na spidi uliyokuwa nayo ukitoka Tanga. Hapo ni saa 7 za kukanyaga pedali. Ongeza kula, maji, pancha moja, salamu za watoto wa kila kijiji, na kivuli cha saa 7 mchana ambacho hutakikataa. Zinakuwa saa 9. Na utaondoka saa ngapi? Hapa ndipo watu wa pwani mnaponaswa. Saa ya mkononi ni ileile nchi nzima, lakini jua si lilelile. Kigoma iko magharibi ya Bagamoyo kwa nyuzi 9 na kitu za longitudo, na kila nyuzi ni dakika 4, kwa hiyo jua letu linachelewa la kwenu kwa zaidi ya nusu saa. Saa 12 asubuhi uliyozoea kuianza ukiwa na mwanga, huku bado ni usiku wa manane wa mwendesha baiskeli. Barabara utaiona sawasawa kuelekea saa 1. Jumlisha saa 9, umefika saa 10 jioni, ikiwa hakuna kilichoharibika.

Unaweza kusema, basi si ndiyo saa waliyonipangia? Ndiyo, na ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa barabara hii, kwa sababu unaelekea magharibi.

Asubuhi jua liko mgongoni mwako. Dereva anayekuja nyuma yako naye jua liko nyuma yake, anakuona unang'aa kama sufuria mpya. Kuanzia saa 9 na kuendelea mambo yanageuka. Jua linashuka mbele yako. Wewe unakunja uso na kutazama tairi ya mbele, hilo ni dogo. Kubwa ni dereva wa lori nyuma yako: kioo chake kina vumbi la safari nzima, jua linampiga usoni, na wewe uko katikati ya mng'ao huohuo. Hakuoni mpaka akukaribie sana. Shati jekundu halisaidii, kwa sababu kitu kilicho mbele ya jua huonekana cheusi, kiwe na rangi gani. Mimi nikichelewa na jua likaanza kunipiga machoni nikielekea mjini, nashuka barabarani, natafuta mama muuza chai, nangoja lizame nyuma ya vilima. Afadhali kuchelewa nusu saa ukiwa na glasi mkononi.

Halafu kuna upepo. Kutoka Tanga hadi Bagamoyo upepo wa kusi ulikupiga usoni, bila shaka unaukumbuka. Ulipogeukia bara ukawa unakusukuma kidogo kutoka nyuma kwa upande wa kushoto, ukamsahau aliyekutesa. Ukilikaribia ziwa utakutana na mwingine. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, na hewa ya ubaridi kutoka ziwani inakuja kuchukua nafasi yake. Ni kama upepo wa bahari mlio nao pwani, ila huku ziwa liko magharibi, kwa hiyo unakuja moja kwa moja usoni pako. Asubuhi haupo, au unavuma kinyume, kutoka nchi kavu kwenda majini. Wavuvi wa dagaa wanaokesha na taa zao ziwani wanaijua ratiba yake kuliko mimi. Mchana ukikolea nao unakolea. Kwa hiyo mtu anayefika saa 10 jioni anazimaliza kilomita zake za mwisho kwa miguu ya siku nzima, jua machoni na upepo kifuani. Anayefika saa 5 hakutani na vyote hivyo.

Nilijifunza kwa ngozi yangu. Miaka hiyo nilikuwa nakaa chini, karibu na stesheni ya Kigoma, na nilikuwa narudi kutoka Tabora. Safari nzima sikupata pancha hata moja, nikawa najisifu moyoni. Jioni ya mwisho nikafika Mwanga. Unaijua Mwanga: iko juu, barabara inateremka kwenda mjini, na ziwa linafunguka mbele yako ghafla kama mtu amevuta pazia. Nililiona ziwa, nikaona mpaka milima ya Kongo ng'ambo, nikaachia breki. Wiki nzima nilikuwa nazigusa breki kwa akili, nabana, naachia, nabana. Pale nikaacha tu. Mbele yangu bajaji ikakata kuingia kushoto. Nikabana zote mbili kwa nguvu, nikasikia chuma kikikwaruza chuma. Raba ya nyuma ilikuwa imekwisha tangu sijui lini, sikuwa nimeitazama tangu Urambo. Nikaishia mtaroni, kiwiko wazi, rimu ya mbele imepinda kama chapati. Nyumbani nilifika nikikokota baiskeli, na mke wangu hakuniuliza habari za Tabora. Aliuliza, “Fundi, na wewe?”

Baiskeli haikuwa na kosa siku ile. Mtu akishanusa nyumbani anafunga ukaguzi, kama ng'ombe anavyoongeza mwendo akiona zizi. Mimi ni fundi, na wanaoniletea baiskeli baada ya safari ndefu wengi wameangukia karibu na mlango wao. Ndiyo maana nataka siku yako ya mwisho iwe fupi, na nataka uianze umelala vizuri, umekagua kila kitu jana yake mchana, siyo gizani Uvinza kwa tochi ya simu.

Na hili si wazo langu. Njia unayoifuata ndiyo njia ya misafara ya zamani, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, zaidi ya miezi 7. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akamkuta Livingstone Ujiji mwaka huohuo ukielekea kwisha. Wapagazi wao, wengi wakiwa Wanyamwezi, walikuwa na mzigo wa karibu frasila mbili begani, yaani kilo thelathini na kitu, kwa hiyo uchovu walikuwa wanaufahamu. Misafara haikuwa na desturi ya kujitupa mjini ikiwa hoi. Kabla ya kuingia watu walijiweka sawa, wakavaa nguo zao bora, bendera ikatangulia, bunduki zikapigwa hewani ili mji ujue kuna wageni. Wewe bunduki huna, una spika. Ila shati safi unaweza kulifua Kazuramimba Ijumaa mchana likakauka. Ukifika hapo ulizia nyumba ya wageni, na ukikosa, nenda kwa mtendaji wa kijiji ujitambulishe. Mwalimu na baiskeli yake hafukuzwi.

Tuje kwenye breki, maana nimeshikwa na hamu ya kuishika mkononi.

Umesema raba ni mpya na bado haishiki. Basi acha raba, tazama waya. Wewe umepita mwambao, na bila shaka Pangani uliendesha ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kila mtu anafanya hivyo na mimi ningefanya. Chumvi ya bahari haikai kwenye rimu tu. Inaingia ndani ya mpira unaofunika waya wa breki, inatulia humo, na wiki mbili baadaye ukiwa Dodoma huna habari, waya umeota kutu ndani kwa ndani. Ukibana, nguvu ya mkono inaishia kwenye kutu, haifiki kwenye raba. Ipime hivi: legeza nati inayoshika waya pale kwenye breki, uushike ule waya kwa vidole, uuvute mbele na nyuma. Ukiteleza, waya ni mzima na tatizo liko mkono wa breki au raba zimekaa upande. Ukikwaruza kama unapitisha uzi kwenye mchanga, ndio wenyewe. Tabora mjini waya na mpira wake utavipata kwa mafundi wa baiskeli, nunua vyote viwili. Usinunue waya peke yake ukaupitisha kwenye mpira wenye kutu, utakuwa umemvalisha mgeni shati chafu.

Mnyororo nao una chumvi ileile. Upanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, uukaushe, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, kwa ndani, na upanguse yaliyozidi. Nitakwambia nisiyopenda kuyaona: oili chakavu ya gari, kwa sababu ina unga wa chuma ndani yake na inasaga meno ya gia, na mawese. Ndiyo, mawese. Yapo watu huku wanapaka. Yanaganda, yanakamata vumbi, mnyororo unakuwa kama kitumbua. Mawese ni ya kisamvu.

Jambo la tatu, gurudumu la nyuma. Mzigo wako uko kwenye karia, na spoku zinazokatika mara nyingi ni za nyuma upande wa kulia, upande wa gia, kwa sababu zile zimevutwa zaidi kuliko za kushoto. Zungusha gurudumu taratibu, gonga kila spoku kwa ncha ya bisibisi. Za upande mmoja zitalia sauti zinazokaribiana. Ukisikia moja inalia kizito, kama kugonga ubao, hiyo imelegea na itawaua wenzake. Ipe robo mzunguko wa nati, gonga tena. Kazi ya dakika 10 kivulini.

Na breki za kushukia vilima: usibane moja kwa moja kuanzia juu hadi chini. Rimu inapata moto, na moto huo huo unaweza kupasua tyubu. Bana kwa nguvu kidogo, achia, bana tena, ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli hasa, watu wanaiogopa bure. Unaianza polepole huku umerudisha makalio nyuma kidogo ya tandiko.

Goti. Nimefurahi umesema ni kwa mbele, kwa sababu hapo nusu ya jibu ipo. Goti likiuma kwa mbele, kwenye pia ya goti, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, kiti kiko juu mno. Utaniambia kiti hukukigusa tangu Tanga. Nakuamini, lakini barabara imekigusa. Bomba la kiti linazama kidogokidogo kwenye fremu, kila tuta na kila shimo, na wewe huoni kwa sababu unazama nalo. Egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila wewe kuinama upande. Kama goti bado limekunja, pandisha kidogo, urefu wa ukucha, endesha, pandisha tena. Ukishapata, chora mstari kwenye bomba kwa rangi ya kucha pale linapoingia kwenye fremu. Kila asubuhi tazama mstari. Ukizama, kaza.

Nusu ya pili ni gia. Uwanda wa Tabora ni tambarare, na tambarare inamdanganya mtu akanyage gia nzito kwa madaha. Hesabu mguu mmoja kwa sekunde 15: ukipata chini ya 15, gia ni nzito, shuka moja au mbili. Miguu izunguke haraka, isisukume kama inasindika miwa. Ukiona goti limevimba, lina joto, au linauma hata umelala, hapo usiniulize mimi, nenda zahanati, na baiskeli iweke kwenye treni. Reli ilifika Kigoma 1914 na inapita Uvinza kama wewe. Aliyerudi kwao kwa treni na baiskeli yake kwenye behewa la mizigo naye amerudi kwao.

Chakula nitapita haraka. Kula kabla ya njaa, kitu kidogo kila nusu saa au dakika 40: ndizi mbivu, kiazi kitamu cha kuchemsha, andazi. Nyama choma usiku wa kuamkia siku ya mwisho iache, kula wali na maharage. Maji usinywe matupu siku nzima ukitoka jasho. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Na hiyo chumvi nunua Uvinza. Watu wamechemsha maji ya chemchemi zile kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na wewe uliyeharibiwa waya na chumvi ya bahari unastahili kulipwa na chumvi ya nchi kavu.

Kabla hujafika huko, kwenye misitu ya miombo baada ya Kaliua, utakutana na mbung'o. Anafuata kitu kinachotembea, na anapenda rangi ya bluu na nyeusi. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kama fulana yako ya safari ni ya bluu, ndiyo hiyo uifue Tabora na kuiweka chini kabisa ya begi.

Mwisho, umeniandikia mwishoni kabisa, kama mtu anayeona haya, kwamba Tanga ulichovya tairi ya nyuma baharini na unataka kuchovya ya mbele Ziwa Tanganyika. Usione haya, na mimi ningefanya hivyo. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kukuharibia chochote. Ila chagua ufuko wa mchanga ulio wazi, usiingie kwenye matete na maji yaliyotuama, kule kuna konokono wa kichocho. Chovya, kausha, nenda kwa mama ukale migebuka. Jumatatu niletee baiskeli nifungue habu ya nyuma, kwa sababu chumvi ya Pangani iliyoingia kwenye waya imeingia na kwenye gololi, na hizo huwezi kuzigonga kwa bisibisi ukasikia.